Samaki msafishaji anakonda na hagusi chakula: wenu mnawalisha nini?

TangiSouthB:
Wadau, salamu. Nina tangi la maji chumvi la lita 300 hapa South B, Nairobi. Limeshapita mwaka, miamba hai (mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake) iko ya kutosha, chumvi nasoma 1.025 kwenye kipimo cha uzito wa maji, joto kati ya 25 na 26. Ndani kuna nimo wawili, damseli watatu na kangaja wa bluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni.

Wiki iliyopita niliongeza samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, yule mwembamba mwenye mstari mweusi kutoka mdomoni hadi mkiani. Sababu ni kwamba kangaja alikuwa akijikuna kwenye mawe. Muuzaji akaniambia huyu halishwi, anajitafutia riziki kwenye ngozi za wenzake. Siku za mwanzo alimzunguka kangaja kutwa nzima, raha kutazama. Sasa tumbo limeingia ndani. Nikitia chakula kikavu cha vipande, anakipita kama hakioni. Kangaja naye ameanza kumkimbia.

Halafu kuna jambo jingine. Juzi nimewasha taa alfajiri nikamkuta kwenye ufa wa jiwe amefunikwa na utando wa kamasi. Ni ugonjwa? Na nyinyi mnawapa nini?

Skima254:
Utando si ugonjwa. Anautoa mwenyewe anapolala, kukikucha anatoka. Usimguse.

Hilo la kwamba halishwi, huyo muuzaji alikuwa anauza tu.

Kioo Safi:
Mimi nilisikia hivyo hivyo, kwamba ukimlisha anakuwa mvivu na kuacha kusafisha. Si kweli?

Mwalimu Bayo:
@Kioo Safi si kweli, na hesabu yenyewe inakataa. Mtafiti Alexandra Grutter alifanya kazi kwenye Great Barrier Reef kule Australia, na mwaka 1996 alitoa makadirio yake: msafishaji mmoja anakula wastani wa vijidudu 1,218 kwa siku. Huyu samaki anafanya kazi mchana tu. Gawanya kwa saa kumi na mbili, unapata karibu mia moja kila saa. Wengi wa vijidudu hivyo ni mabuu ya gnathiidi, jamii ya krasteshia (ndugu wa kaa na kamba) wenye urefu wa milimita chache tu, wanaonyonya damu ya samaki kisha wanajiachilia na kurudi kujificha kwenye matumbawe. Mimi nawaita chawa wa samaki.

Sasa turudi South B. Tangi lina samaki sita wa kuhudumiwa. Hata wangeingia wote wakiwa na chawa, msafishaji anawamaliza siku ya kwanza, pengine kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo hakuna wengine. Baharini wateja wanakuja foleni kutoka pande zote, mamia kwa mamia, na kila mmoja amepita mahali pengine alikookota chawa wapya. Kwenye kioo mteja ni yule yule, asubuhi na jioni.

Na ndiyo maana kangaja anakimbia. Utafiti umeonyesha kwamba msafishaji akiachiwa achague, anapenda ute unaofunika ngozi ya samaki kuliko hao chawa. Baharini anajizuia, kwa sababu mteja akiumwa anaondoka zake au anamfukuza. Kwako mteja hana pa kwenda. Njaa ikizidi, msafishaji anamdonoa kangaja ute mpaka ngozi inabaki wazi, na ngozi isiyo na ute ni mlango wa maradhi. Kwa hiyo kumlisha msafishaji ni kumlinda kangaja pia.

Uvivu haupo. Aliyeshiba bado anasafisha. Ndivyo alivyoumbwa.

TangiSouthB:
Mwalimu, nimekuelewa, asante. Sasa swali linabaki: nimlishe nini ikiwa hataki?

Mpwa wa Mtwapa:
Bwana, kabla ya kulisha, hakikisha kwanza ni yeye. Kuna mwigaji, Aspidontus taeniatus, rangi ile ile, mstari ule ule, hata mwendo wa kucheza anauiga. Huyo hasafishi mtu. Anang'ata mapezi. Tazama mdomo: msafishaji wa kweli mdomo wake uko mbele kabisa, kwenye ncha ya pua. Mwigaji mdomo uko chini, pua imeupita, ukimtazama ubavuni unaona kama amemeza kidevu. Sisi huku pwani tunaozamia tumewahi kuletewa ndoo ya "wasafishaji" na mmoja ndani yake ni mwizi.

La pili, nasema bila kuficha: mimi siwauzi. Nikiagizwa nakataa. Dume mmoja anakaa na majike kadhaa kwenye kituo chake, yaani mahali anaposafishia wateja, na samaki wa mwamba wote wanakijua kituo hicho. Ukimtoa dume, jike mkubwa anachukua nafasi yake na hatimaye anageuka dume kabisa, kwa hiyo mambo yanaendelea kidogo. Ukiwatoa wote, kituo kimekufa. Na mnunuzi yuko Nairobi anangoja samaki ambaye wengi wao hawamalizi mwezi. Faida iko wapi?

Skima254:
Mpwa anasema kweli, ila samaki wa jamaa ameshanunuliwa. Hatuwezi kumrudisha Mtwapa kwa basi.

Mama Kobe:
Nimeuona uzi nikiwa kazini, ikabidi ningoje nifike nyumbani niandike vizuri. Mimi ninaye wangu hapa Lang'ata, ni wa miaka sasa, mnene, na mchokozi kupita kiasi. Mwanangu TangiSouthB, usiogope, ila fanya haraka. Hawa hawana akiba mwilini. Mtazame kutoka juu: nyama ya nyuma ya kichwa ikiwa imebonyea na mgongo umekuwa mwembamba, hesabu siku, si wiki.

Kwanza achana na hicho chakula kikavu kwa sasa. Kwake si chakula. Macho yake yamezoea kitu kidogo sana kilichoshika mahali, kwenye ngozi au jiweni. Kinachoelea na kupepea hakimhusu. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kutatua: ukubwa wa chakula, na mahali kinapomfikia.

Ninachoanza nacho siku zote ni mayai ya samaki wa bahari. Nenda City Market, upande wa samaki, waambie wakuwekee mayai wanapopasua samaki wa Mombasa. Mara nyingi hawana kazi nayo. Yasuuze kwa maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine mpaka yakawa safi kabisa), yagandishe kwenye friza kwanza, halafu chukua kiasi cha ncha ya kijiko, yeyusha kwenye kikombe cha maji ya tangi. Yai moja lina ukubwa wa kile anachokitafuta kwenye ngozi ya kangaja. Sijaona msafishaji mwenye afya aliyekataa mayai moja kwa moja.

Kwa kulisha, pita duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 10, sindano yenyewe uitupe. Zima pampu za mawimbi kwa dakika kumi. Tazama anakaa wapi zaidi, maana hata kwenye tangi ana kituo chake, kwa kawaida kwenye jiwe lililochomoza. Pulizia mayai machache taratibu juu ya jiwe hilo yatue. Usimkimbize na bomba. Weka, ondoa mkono, kaa mbali. Damseli watakuja kuiba, kwa hiyo tia kwanza chakula chao upande wa pili wa tangi uwapoteze.

Akishaanza kula mayai, changanya na artemia wadogo (vijikamba vya maji ya chumvi), halafu maisisi waliogandishwa (vijikamba vingine, wakubwa kidogo), ila maisisi wakatekate kwa wembe. Mdomo wake ni mdogo kuliko unavyodhani. Artemia peke yao hawatoshi. Wanamvutia kwa sababu wanacheza majini, lakini lishe yao ni hafifu usipowaloweka kwenye vitamini. Watu wanaona samaki anakula artemia kila siku na bado anakonda, wanashangaa.

Kisha kuna uji wangu, ambao ndio chakula chake cha kila siku. Kamba wa bahari waliomenywa, ngisi, chaza, mayai kidogo, na karatasi ya mwani ile ya sushi isiyo na chumvi wala mafuta. Yote mabichi, yote kwenye blenda. Koroga jelatini isiyo na sukari kwenye maji ya moto kidogo, ikipoa ichanganye humo, mimina kwenye mfuko wa friza na uubane uwe bapa. Ukitaka kulisha unavunja kipande. Sasa raha yake ni hii: kipande hicho unaweza kukisugua kwenye gamba la chaza lenye mikwaruzo kikashika. Unaliegemeza gamba kwenye kituo chake. Anakuja kudonoa pale kama anavyodonoa mteja. Kangaja naye anajipatia mwani.

Mara ngapi kwa siku? Tatu ndiyo chini kabisa. Aliyekonda, tano. Kidogo kidogo. Samaki anayekula kutwa nzima baharini hawezi kuishi kwa mlo mmoja wa jioni, hata uwe mkubwa namna gani.

TangiSouthB:
Mama Kobe, umenisaidia sana. Shida yangu ni kwamba natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na foleni ya Mombasa Road mnaijua. Tano kwa siku itawezekanaje?

Mama Kobe:
Asubuhi kabla ya kutoka, moja. Ukirudi, moja, na nyingine nusu saa kabla ya taa kuzimwa. Za mchana mwachie dada wa kazi, lakini mfungie vipimo. Mimi nagandisha kwenye trei ya barafu, kila shimo ni mlo mmoja, namwambia "hiki kimoja saa nne, hiki saa nane, usiongeze". Usipofanya hivyo utakuta ameonea samaki huruma na kumwaga pakiti nzima.

Kioo Safi:
Kitunguu saumu je? Mtandaoni wanasema ukiloweka chakula kwenye maji ya saumu anakula na chawa wanakufa.

Mwalimu Bayo:
Baadhi ya samaki harufu inawavuta, jaribu kama huna njia nyingine. Kuua chawa, hapana.

Skima254:
Naongeza upande wa maji, kwa sababu huyu jamaa sasa ataanza kumimina milo mitano kwenye lita 300. Nitrati na fosfati, uchafu unaotokana na chakula na kinyesi, zitapanda. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe, kichuje kwenye kichujio cha chai, yale maji ya rangi mwaga kwenye sinki. Uji wa Mama Kobe mzuri, lakini skima yako (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu) iwe inafanya kazi kweli, si ile ya kupuliza mapovu kwa mapambo. Badilisha maji asilimia kumi kila wiki mpaka uone vipimo vimetulia. Kilichobaki kwenye gamba baada ya saa moja kitoe.

Na hewa. Watu wa Nairobi tunasahau kwamba tuko juu, mita 1,700 na kitu. Shinikizo la hewa hapa limepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na oksijeni inayoyeyuka majini inapungua vivyo hivyo. Chumvi nayo inapunguza tena. Samaki ametoka usawa wa bahari, amepanda basi usiku mzima kwenye mfuko, unamtia kwenye tangi ambalo uso wa maji umetulia. Hata hamu ya kula inapotea. Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji uchafuke. Stima ikikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu.

TangiSouthB:
Hilo la hewa sikuwahi kulifikiria. Pampu zangu zote zinaelekea chini.

Bado nina wasiwasi na kangaja. Anajikuna, na leo nimeona vidoa vyeupe vichache kwenye mapezi. Msafishaji akipata nguvu atavimaliza?

Mwalimu Bayo:
Hapana. Na hapa ndipo watu wengi wanapoununua mzigo huu wa msafishaji kwa sababu isiyo sahihi. Vidoa vyeupe hivyo, kama ndivyo ninavyodhani, ni Cryptocaryon irritans. Kimelea chenyewe ni kiumbe cha seli moja na kimejichimbia chini ya tabaka la juu la ngozi. Msafishaji anakula kilicho juu ya ngozi. Hawezi kukichimbua. Kikikomaa kinatoka chenyewe, kinaanguka, kinajifunga kwenye mchanga na miamba, kinagawanyika, na vichanga vyake vinarudi kutafuta samaki. Wewe unaona vidoa vimepotea, unasema "msafishaji amefanya kazi", kumbe vimeshuka kuzaliana.

Dawa ni karantini. Tangi jingine, hata beseni kubwa la plastiki lenye hita na pampu, bila miamba wala mchanga, na dawa ya shaba inayopimwa kila siku kwa vipimo. Usitie shaba kwenye tangi lenye miamba hai, itaua kila kisicho na uti wa mgongo. Tangi kubwa libaki bila samaki kabisa kwa wiki sita au zaidi, vimelea vife kwa kukosa mwenyeji.

Mpwa wa Mtwapa:
Na huyo kangaja wa bluu kwenye lita 300! Huyo samaki huku ninamwona anakata mwamba mzima kwa dakika moja. Akibanwa anasononeka, akisononeka vidoa haviishi. Si lazima unisikilize.

Mama Kobe:
Mpwa yuko sahihi, ingawa amesema kwa ukali wake wa kawaida 😄. Kangaja wa aina hiyo ndiye wa kwanza kushikwa na vidoa katika tangi lolote. Baadaye mtafutie mtu mwenye tangi kubwa.

Kuhusu msafishaji, mimi nisingemtia kwenye shaba akiwa amekonda hivyo. Mtenge kwenye beseni lake, mlishe kwanza, mchunguze. Beseni lina faida moja: hakuna damseli wa kumwibia. Mwekee bomba fupi la PVC la kulalia na wavu juu, maana jamii hii wanaruka. Usiku ule ule wa kwanza unaweza kumkuta sakafuni.

Kioo Safi:
Je, mtu anayetaka faida ya usafi bila haya yote? Kuna mbadala?

Skima254:
Kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, mwenye mgongo mwekundu na mstari mweupe. Anakula chochote unachotia, mabaki, peleti, kila kitu. Hata kusafisha wateja anasafisha, mpaka mkono wako ukiuingiza. Usimweke na kikande au mkunga mwenye njaa tu. Kuna na samaki mdogo wa Karibea, Elacatinus oceanops, mwenye mstari wa bluu unaong'aa, ambaye anazalishwa kwenye mashamba na kuzoeshwa chakula tangu utoto. Hapa kwetu kumpata ni bahati.

Mwalimu Bayo:
Kwa wanaopenda mambo ya ziada: mwaka 2019 watafiti wa Osaka walichapisha kwamba msafishaji huyu huyu, akiwekewa alama kooni na kuonyeshwa kioo, anakwenda kujisugua alama ile. Mabishano juu ya maana yake hayajaisha. Lakini ukimwona anajitazama kwenye kona ya tangi lako, usidhani amechanganyikiwa.

Kioo Safi:
Kumbe ana akili kuliko majirani zangu.

TangiSouthB:
Ripoti, wadau. Nilikwenda City Market, nikapewa mayai ya samaki mfuko mzima bila malipo, jamaa akaniuliza kama nafuga paka. Msafishaji yuko kwenye beseni. Mara ya kwanza aliyatazama tu. Jioni nilipulizia juu ya bomba la PVC kama Mama Kobe alivyosema, nikaenda jikoni, niliporudi yamekwisha. Leo asubuhi amekuja mwenyewe kwenye ncha ya bomba la sindano. Tumbo bado, ila anakula. Kangaja ameanza shaba kwenye tangi la kuazima.

Swali: artemia wa kuangua mwenyewe nyumbani, mnafanyaje? Nimejaribu kusoma, kila mtu anasema lake.

Mama Kobe:
Alhamdulillahi! Sasa usilegee, wiki hizi ndizo zenyewe.

Artemia ni rahisi. Chupa ya soda ya lita mbili, kata kitako, igeuze kifuniko chini. Maji lita moja, chumvi gramu 25 hadi 30, mayai ya artemia nusu kijiko cha chai, mrija wa hewa ufike mpaka chini ububujike bila kupumzika, taa karibu. Joto 26 hadi 28, kwa hiyo mwezi huu wa baridi usiiache jikoni, ifunge ndani ya beseni lenye hita. Baada ya siku moja hivi, zima hewa dakika kumi. Maganda yanapanda juu, watoto wanashuka kuifuata taa ukiiweka chini. Fungua kifuniko taratibu, wakusanye kwenye kitambaa cha pamba, wasuuze, uwalishe siku hiyo hiyo, maana wakikaa wanamaliza kiini chao na unabaki unalisha maganda matupu. Yale maganda ya juu usiyatie kwenye tangi.

Skima254:
Mayai ya artemia yanunue kidogo kidogo, na uyahifadhi kwenye friji yakiwa makavu kabisa. Unyevu ukiingia, nusu hayaanguki.

Mpwa wa Mtwapa:
Na artemia wazima wako hapa hapa Kenya, kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Hamna haja ya kila kitu kutoka ng'ambo.

TangiSouthB:
Mpwa, unaweza kunipatia hao wa Gongoni?

Mpwa wa Mtwapa:
Siahidi. Kufika wakiwa hai Nairobi ni kazi. Lakini chaza na kome wa kulishia naweza, waliogandishwa kwenye kasha lenye barafu. Ijumaa usiku nina mzigo unaopanda na basi. Wewe, Mama Kobe, na yeyote mwingine wa Nairobi, niandikieni inboksi kabla ya Alhamisi mseme mnataka kilo ngapi, na nani atashuka mjini alfajiri kupokea.

Kioo Safi:
Mimi kilo moja. Sina msafishaji, lakini huo uji nimeutamani.